Kujifunza utambuzi wa magonjwa kwa visa vifupi vya wagonjwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila kundi jipya la wanafunzi likifika Tanga kwa mafunzo ya wodini, maswali huwa yale yale. Nimechoka kuyajibu ngazini huku nimeshika funguo za pikipiki, kwa hiyo nimeyaandika. Tunakutana Alhamisi jioni kwenye baraza moja Ngamiani, watu wanane hadi kumi na wawili, chai ya tangawizi, mahamri, kisa kimoja au viwili. Ukurasa huu ni wa hao, na wa yeyote anayesomea udaktari au utabibu anayetaka kuanzisha kundi lake. Jambo lililokwisha kujibiwa nimelielekeza lilipo, sikulirudia.

## Mwanzo kabisa

Kisa kifupi ni nini hasa?

Ni mgonjwa aliyewekwa kwenye mistari mitano hadi kumi na mitano: ni nani, katoka wapi, analalamika nini, tangu lini, na ukimshika unakuta nini. Jibu halimo. Wodini tunaita keisi. Hapa barazani wengine wanamwita mgonjwa wa karatasi.

Kisa si swali la kuchagua. Kwenye swali la kuchagua jibu limeshawekwa mezani, kazi yako ni kuliokota kati ya manne. Kwenye kisa unalileta mwenyewe kutoka kichwani, na mgonjwa wa kweli naye haji hospitali na majibu manne shingoni.

Kwa nini nisimalize vitabu kwanza, visa baadaye?

Kwa sababu kitabu kimepangwa kwa ugonjwa, na mgonjwa amepangwa kwa malalamiko. Kitabu kinaanza na nimonia, halafu kinakutajia kikohozi, homa na pumzi za haraka. Mgonjwa anaanza na kikohozi, na kikohozi kinaweza kuwa nimonia, kifua kikuu, pumu, moyo uliochoka, au punje ya karanga iliyomponyoka mtoto ikaingia njia ya hewa. Barabara ni ile ile, ila unaitembea kinyume. Anayejua kwenda Pongwe mchana si lazima ajue kurudi mjini usiku.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1900 Walter Cannon, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Harvard, aliandika kupendekeza udaktari ufundishwe kwa visa. Alikuwa anamwona mwenzake anayesomea sheria anavyochangamka kubishania kesi, wakati yeye anasinzia kwenye mihadhara. Mwaka 1969 chuo kikuu cha McMaster cha Kanada kilianza kufundisha udaktari kwa matatizo ya wagonjwa tangu mwaka wa kwanza. Na mwaka 1978 Arthur Elstein na wenzake walichapisha utafiti ambao mimi naurudia kila mara: daktari mzoefu huanza kushuku ugonjwa ndani ya dakika chache za mwanzo, kama mwanafunzi tu, na aliyepata kisa kimoja vizuri anaweza kukikosa kinachofuata kabisa. Hakuna kipaji cha jumla cha kutambua magonjwa. Kuna wingi wa wagonjwa uliowahi kuwafikiria.

Niko mwaka wa pili, sijaingia wodini. Inanihusu?

Inakuhusu. Utashindwa visa vingi, na ndiyo sababu ya kuja: ukirudi kusoma fiziolojia ya figo utakuwa unamtafuta mtu fulani mle ndani. Wanaosomea utabibu nao wanakaribishwa, tena wao ndio watakaokaa zahanati peke yao bila daktari wa kumuuliza.

Visa vingapi kwa wiki?

Viwili vilivyochimbwa vinashinda ishirini vilivyosomwa kama magazeti. Kuna kijana aliwahi kunionyesha simuni visa mia tatu alivyopakua. Nilimwomba anisimulie kimoja.

## Namna ya kukisoma kisa

Kisa kinasomwaje? Tunaomba mfano.

Kinasomwa vipande vipande, na kila kipande unaandika kabla ya kufunua kinachofuata. Ukikisoma chote mara moja hadi jibu, umesoma hadithi. Chukua hiki tulichokifanya mwezi uliopita. Nimekitunga kutokana na wagonjwa kadhaa.

Kipande cha kwanza: mwanamke wa miaka 24, anauza samaki wa kukaanga, katoka Pangani kwa basi akifuatana na shangazi yake. Anasema, "Chango limenishika ghafla tangu jana usiku, na nikisimama naona giza." Joto 37.1. Kipimo cha haraka cha malaria ni chanya.

Nikasimama hapo. Kati ya watu kumi, saba waliandika malaria. Wawili waliandika UTI. Mmoja hakuandika kitu, akauliza kama anaruhusiwa kumhoji mgonjwa. Anaruhusiwa, na mgonjwa nilikuwa mimi.

Kijana wa kwanza akaniuliza, "Dada, una mimba?" Nikajibu, "Hapana." Akaweka tiki, akaendelea na mkojo na choo. Aliyemfuata alikuwa mkunga kabla hajarudi chuo. Kwanza akamgeukia shangazi: "Shangazi, shikamoo. Naomba utusaidie kumnunulia mgonjwa maji hapo nje." Shangazi akatoka. Ndipo akauliza, "Mara ya mwisho uliona siku zako lini?" Nikasema, "Mwezi huu hazijaja, lakini mimi huwa zinachelewa." Akauliza, "Ukilala chali unasikiaje?" Nikamwambia, "Tumbo afadhali, ila bega hili la kulia linauma, na sijabeba kitu."

Baraza likanyamaza. Wengine walidhani bega ni la kupoteza maboya. Kipande cha pili kikasema: mapigo 124 kwa dakika, presha 90 kwa 50, viganja vyeupe, tumbo la chini limekaza na linauma ukiligusa.

Mimba iliyotunga nje ya kizazi, nayo imepasuka. Damu imemwagika tumboni, ikapanda hadi kwenye kiwambo kinachotenga tumbo na kifua. Neva ya kiwambo inatoka shingoni, jirani na zile zinazolisha bega, kwa hiyo ubongo unadhani bega ndilo linalolia. Kipimo cha mimba cha mkojo kinachukua dakika chache. Baada ya hapo ni njia mbili nene za dripu, damu iandaliwe, na wapasuaji waitwe sasa hivi. Kumpeleka akapange foleni ya picha wakati presha inashuka ni kumpeleka afie kwenye benchi.

Kipimo cha malaria hakikudanganya. Kilikaa njiani kama ganda la ndizi, na saba kati ya kumi walilikanyaga (kuhusu vipimo soma *Kipimo kikisema chanya, si yameisha?*).

Zoezi ambalo silisamehe kamwe: kabla ya kutaja ugonjwa, mwandike mgonjwa kwa sentensi moja. "Mwanamke kijana aliyekosa siku zake, maumivu ya ghafla ya tumbo la chini, na dalili za kupoteza damu." Malaria haitoshei humo. UTI haitoshei. Sentensi ikishakaa sawa nusu ya kazi imefanyika, na ikikataa kukaa, basi kuna swali hujauliza.

Difarensho yangu iwe na magonjwa mangapi?

Difarensho ni ile orodha ya magonjwa yanayoweza kuleta picha uliyonayo. Matatu hadi matano yanatosha, mradi kila moja liwe na sababu ya kuwamo. Usiyapange kwa alfabeti wala kwa yanavyokujia. Jiulize kwanza lipi linaelekea zaidi kwa mtu huyu wa hapa. Halafu lipi litamuua leo nikilisahau. Haya mawili mara nyingi si ugonjwa mmoja, na kwenye kisa cha juu tofauti ilikuwa maisha ya mtu.

Mahali ni sehemu ya dalili. Mtu wa Lushoto akija na mtoki, uvimbe wa kinenani, mara nyingi utakuta kidonda cha mguuni au ugonjwa wa zinaa. Lakini Lushoto iliandamwa na milipuko ya tauni tangu 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na uvimbe wa tauni unapenda kukaa pale pale kinenani. Kumuuliza kama panya wamekufa nyumbani kwake hakugharimu kitu. Mtoki ule ule kwa kijana ambaye hajatoka Chumbageni, hapa mjini, mwaka mzima, tauni inateremka mwisho kabisa wa orodha.

Mbona nikisema malaria kwa kila homa napigwa?

Kwa sababu tumeshajipima na majibu hayapendezi. Utafiti uliochapishwa 2004 ulipita hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania, yaani kwetu huku. Kati ya wagonjwa 4474 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali, waliokutwa na vimelea kwenye damu ni asilimia 46.1 tu. Moshi hali ilikuwa mbaya zaidi. Kwenye utafiti uliochapishwa 2013, kati ya wagonjwa 870 waliolazwa na homa, madaktari waliwaandikia malaria asilimia 60.7, na waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, na wengi tu walikuwa na magonjwa yanayotoka kwa wanyama: brusela, leptospira, homa ya Q.

Nimesikia hoja kwamba dawa ya malaria haidhuru, bora kuitoa. Haidhuru sana, kweli. Kinachodhuru ni kalamu kuwekwa chini. Ukishaandika malaria hakuna anayeuliza tena kuhusu maziwa mabichi yanayoleta brusela, na mfugaji wa Handeni anarudi nyumbani na brusela yake.

Kipimo kikisema chanya, si yameisha?

Hayajaisha. Kwanza, kipimo cha haraka cha malaria tunachotumia sana kinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Pili, kwenye maeneo yenye malaria nyingi mtu mzima anaweza kutembea na vimelea bila kuumwa, huku kinachomuumiza ni kingine.

Tatu ni hesabu, na hii naomba uifanye kwa kalamu. Tuseme kipimo kinakamata wagonjwa 95 kati ya 100 wenye malaria, na kinawasingizia 5 kati ya 100 wasio nayo. Kipeleke bondeni, mahali ambapo kati ya watu 1000 wenye homa 400 wana malaria kweli. Kitawakamata 380 na kitawasingizia 30. Mwenye chanya pale, karibu kila mara anayo. Sasa kipandishe milimani, ambako tuseme wenye malaria ni 20 kati ya 1000. Kitawakamata 19, na kitawasingizia 49. Kati ya chanya 68, za kweli ni 19. Kipimo ni kile kile, boksi lile lile, tarehe ya kuharibika ile ile. Kilichobadilika ni mlima.

## Maneno ya mgonjwa

Mtihani ni Kiingereza. Kwa nini visa vyenu ni vya Kiswahili?

Kwa sababu mgonjwa hafanyi mtihani. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote na ndilo ninalolipenda, kwa hiyo nivumilieni.

Mwanafunzi anahifadhi ugonjwa kwa Kiingereza, anamhoji mgonjwa kwa Kiswahili, anaandika faili kwa Kiingereza tena. Katikati hapo ndipo mambo yanapopotea. Akisikia "kichomi" anaandika maumivu ya kifua, na neno lenyewe limeshakufa. Kumbe mgonjwa alisema kitu mahususi: kinachoma, kiko ubavuni, kinakata pumzi akivuta hewa.

Neno "dalili" lenyewe ni mtego. Sisi tunalitumia kwa anachosikia mgonjwa na kwa anachokiona daktari. Kwenye kisa vitenganishe. "Nasikia homa" ni neno lake, 38.9 ni yako. Na "homa" pwani hii haina maana moja. Mtu anaweza kuwa na homa wiki nzima bila joto kupanda hata siku moja, akimaanisha mwili mzito na hamu ya chakula hana. Akikwambia "homa ya ndani", muulize kama aliwahi kutoka jasho, kama alitetemeka, kama kuna aliyemgusa akasema unawaka.

"Mshipa" ni mgumu zaidi. Mzee wa miaka sitini kutoka vijiji vya pwani akisema ana mshipa huku anaangalia chini, anaweza kuwa na ngiri au busha. Kwa miaka mingi minyoo ya matende imelifanya busha kuwa jambo la kawaida ukanda huu, kwa hiyo usishangae wala usicheke. Funga pazia. Jaribu kupitisha vidole juu ya uvimbe: vikipita, uvimbe hautoki tumboni. Zima taa, weka tochi ya simu nyuma yake, na busha la maji litang'aa jekundu kama taa ya karatasi. La miaka mingi lenye ukuta mnene linaweza lisiwake, kwa hiyo giza peke yake lisikupe uhakika. Lakini mwenye mshipa mwingine atakuonyesha mkono, au shingo, na hapo ngiri na busha vyote vinaondoka mezani.

"Chango", maumivu ya tumbo la chini, umeshaliona kwenye kisa cha yule dada. "Degedege" ni mtoto anayerusha mikono na miguu, macho juu. Inaweza kuwa joto tu, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au sukari iliyoshuka. Sukari unaipima kwanza, maana ndiyo unayoweza kuirudisha ukiwa umesimama pale pale.

Na neno la mgonjwa likisikilizwa vizuri huenda mbali. Mwaka 1952 ugonjwa wa homa na viungo kuuma ulizuka uwanda wa Makonde, huko Newala. Wenyeji waliuita kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, kwa jinsi wagonjwa walivyopinda kwa maumivu. Leo dunia nzima inaandika chikungunya.

Uliwahi kukosea kwa sababu ya neno?

Nikiwa intani, daktari wa mafunzo, hospitali sitaitaja. Mvuvi, miaka arobaini na kitu, "kichomi upande wa kulia" na homa. Nikaandika nimonia kabla hajamaliza sentensi. Siku nne za sindano, homa iko pale pale. Siku ya tano muuguzi mmoja mtu mzima, akiwa anambadilishia shuka, akamwambia anyooshe kidole panapouma. Kidole kikashuka hadi mbavu za mwisho. Akabonyeza katikati ya mbavu mbili kwa ncha ya kidole na mgonjwa akaruka kitandani. Jipu la ini, la ameba. Nilikuwa nimelisikiliza pafu lake kila asubuhi bila kumwomba anionyeshe panapouma. Kisa hicho ninakitoa kwa kila kundi, na kila kundi linaandika nimonia.

Mgonjwa akisema "nina UTI" au "nina taifodi", niandike nini?

Andika kwamba ameambiwa hivyo, halafu uliza alivyokuwa anajisikia kabla hajaambiwa. Siku hizi watu wanakuja na jina la ugonjwa badala ya malalamiko, na mara nyingi jina limetoka kwenye kipimo cha duka la dawa. Kile kipimo cha zamani cha taifodi, Widali, kinaweza kuwa chanya kwa mtu aliyechanjwa au aliyewahi kuugua. Muulize mkojo unachoma? Unakwenda mara ngapi? Kama majibu ni hapana na hapana, UTI imebaki kuwa neno tu.

Na asiyejua Kiswahili vizuri?

Bibi wa Kisambaa anayejibu "ndiyo" kwa kila swali hajakuelewa, anakuheshimu. Tafuta muuguzi wa kwao. Mjukuu wa miaka kumi si mkalimani wa mambo ya choo na uzazi.

## Kutunga visa vyenu wenyewe

Nitungeje kisa kizuri?

Anza na mgonjwa uliyemwona, ndipo umbadilishe. Ukianza na ugonjwa utatunga mgonjwa mtiifu mno, mwenye kila dalili ya kitabuni na zikiwa zimejipanga. Muache aseme maneno yake. Weka kitu kimoja au viwili visivyohusika, kwa sababu kila mtu anaumwa na kitu kisichohusika: goti la zamani, mafua, presha ya mama mkwe. Lakini usidanganye. Kama mgonjwa angejibu kweli akiulizwa vizuri, na kwenye kisa ajibu kweli.

Usimalizie na jina la ugonjwa. Malizia na hatua: usiku huu, kwenye hospitali hii, na hivi vilivyopo kabatini, unafanya nini? Kisa kinachohitaji kipimo kilichoko Muhimbili peke yake kina faida yake, ila si kwa mtu atakayepangiwa Kilindi.

Naruhusiwa kumtumia mgonjwa wa kweli?

Funzo lake, ndiyo. Yeye, hapana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni kati ya zinazolindwa kwa uzito. Ila hata bila sheria, fikiria ukubwa wa mji wetu. Kuondoa jina hakutoshi. "Mwalimu wa madrasa mwenye mguu mmoja, Pangani" hana jina na wote tunamjua. Badilisha umri, kazi, kijiji, hata jinsia kama ugonjwa unaruhusu, au changanya wagonjwa watatu kuwa mmoja.

Picha za vidonda na za filamu za eksirei kwenye kundi la WhatsApp: bila ruhusa ya mgonjwa, usitume. Filamu zenye jina pembeni nimeziona zikizunguka mara nyingi mno.

Visa vya zamani, au vya Ulaya, vinafaa?

Kwa kufikiri vinafaa. Kwa tiba, kagua mwaka. Kisa cha 2008 cha mtoto mwenye malaria kali kitakwambia umpe dawa ya kwinini. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto 5425 kwenye nchi tisa za Afrika, na baadhi ya watoto hao walilazwa hapa kwetu, Muheza na Korogwe. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Tangu hapo jibu la kisa kile limebadilika.

Visa vya Ulaya vinapotosha kwa njia nyingine. Mkojo wenye damu kwa mzee wa London, wanaanza kuwaza saratani. Kwa kijana anayeogelea mtoni Muheza unaanza na kichocho.

## Kuhusu kundi

Naogopa kukosea mbele za watu.

Kila mtu anaandika jibu lake kwenye karatasi kabla mtu yeyote hajasema, na karatasi hazina majina. Zinasomwa zote. Ukishasikia majibu saba kama lako, na yote si yenyewe, aibu inapungua. Mgonjwa wa karatasi hafi, na nakushauri uyamalizie makosa yako kwake.

Kuna mmoja anajibu kabla ya wengine kila mara.

Mpeni kazi ya kuwa mgonjwa.

Vipi akili mnemba kwenye simu?

Itumie kama mgonjwa, usiitumie kama mjibuji. Iambie iigize mama mwenye mtoto anayeharisha, umhoji wewe, mwisho ikwambie ulichosahau kuuliza. Ukiibandikia kisa chote ikutajie ugonjwa, umelipa mtu akufanyie mazoezi ya viungo. Iulize pia maana ya "chango" na "mshipa" uone inavyojibu, ujue pa kuiamini na pa kuishuku. Taarifa za mgonjwa wa kweli usiziweke humo; sababu ni ile ile ya *Naruhusiwa kumtumia mgonjwa wa kweli?*

## Maswali ya pembeni

Tufundishwe kutafuta ugonjwa mmoja unaoeleza yote, au mawili yanawezekana?

Anza na mmoja, usiung'ang'anie. Mtoto wa selimundu anaweza kuwa na maumivu ya mifupa ya selimundu yake na malaria juu yake, na malaria kwake ni hatari kuliko kwa mwenzake. Mwenye VVU iliyokwenda mbali anaweza kukohoa kwa kifua kikuu na kuumwa kichwa kwa fangasi wa utando wa ubongo, mwili mmoja, wiki moja. Dalili moja inayokataa kuingia kwenye sentensi yako usiipake rangi ili iingie.

Kisa kikibaki bila jibu?

Kiache hivyo. Andika ungefanya nini kesho asubuhi na ni badiliko gani lingekufanya uamke usiku. Nina visa viwili ambavyo hata mimi sijui mwisho wake, na huwa vinaleta mjadala mrefu kuliko vyote.

Nimefanya visa mia na wodini bado napotea.

Kwa sababu kwenye karatasi kuna mtu ameshakuchagulia. Mimi ndiye niliyeamua kuandika bega linauma. Kitandani hakuna aliyeamua: kuna bega, kuna redio ya jirani, kuna ndugu watano na harufu ya uji, na mgonjwa aliyesahau. Kwa hiyo baada ya kila kisa nenda kamhoji mtu mmoja mwenye malalamiko yale yale, uandike mwenyewe mistari yake kumi. Kuchagua mistari hiyo ndiyo kazi. Ukirudi Alhamisi, leta hiyo.

Mimi si mwanafunzi, ila nimesoma kisa cha yule dada na siku zangu zimechelewa, tumbo linauma.

Funga ukurasa huu uende kituo cha afya leo, usingoje kesho. Ukiwa na kizunguzungu usiende peke yako wala usipande bodaboda. Ukifika mapokezi usiseme chango. Sema siku zako zimechelewa na tumbo la chini linauma, na kama bega linauma liseme nalo.